Kikwazo Kiko Ukurasa wa Kwanza

Mwanzoni mwa mwaka 1996, shule 25 za msingi katika wilaya za Busia na Teso, ambazo leo zote zimo ndani ya Kaunti ya Busia, zilipelekewa vitabu vya kiada bila malipo. Vilitolewa na shirika la Kiholanzi la ICS, na kazi hiyo ilifuatiliwa na watafiti watatu, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin. Walitaka kujua jambo moja: mtoto aliyezoea kuchungulia kitabu cha jirani akipewa chake, atapanda kwa kiasi gani? Shule zote katika utafiti zilikuwa 100, na zile 25 zilipatikana kwa kura ili ulinganisho uwe wa haki. Alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa wakiongoza hata kabla ya vitabu kuja. Sababu waliyoitoa watafiti hao haimshangazi yeyote aliyesomea kijijini: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto hao, na viliandikwa kwa kasi ya mwanafunzi aliyekuwa adimu katika madarasa yale.

Vitabu vilifika salama. Msomaji aliyekusudiwa ndiye hakuwamo darasani.

Kremer alikuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na majaribio ya Busia ni sehemu kubwa ya kazi iliyomfikisha huko. Lakini somo la vitabu vile halijawafikia watu wa fani moja ambayo ingelihitaji kuliko nyingi, nayo ni uandishi wa maelekezo ya kusakinisha programu huria. Humo kosa lilelile linarudiwa kila siku. Maelekezo hutolewa bure na kwa nia njema, tena mengi ni sahihi kabisa, ila yanamfaa yule ambaye angefanikiwa hata bila kuyasoma.

Mfano mzuri ni zana za kuandikia miongozo zenyewe. Sphinx ilitolewa mwaka 2008 na Georg Brandl ili kuandikia mwongozo wa lugha ya Python. Baadaye zilikuja Hugo, MkDocs, na Docusaurus iliyotoka Facebook mwaka 2017. Kazi yao inafanana: mwandishi huandika matini ya kawaida katika mafaili mepesi, kisha zana huyageuza kuwa tovuti yenye yaliyomo, viungo na kisanduku cha kutafutia. Zana ya kutengenezea miongozo ingetarajiwa iwe na mwongozo bora kuliko wote. Mara nyingi mgeni hukwama kabla hajaandika hata sentensi moja.

Jambo hili linaihusu Bumala, mji ulio kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia, kwa sababu programu huria zimeingia katika kazi za kila siku za ukanda huu wa mpaka, hasa katika afya na utafiti. Tena nyingi zina mizizi hapahapa jirani. OpenMRS, mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya mpango wa afya wa AMPATH mjini Eldoret, mpango ambao huduma zake hufika hadi hospitali za Busia na Port Victoria. ODK, programu ya kujazia madodoso kwa simu, ilibuniwa Chuo Kikuu cha Washington kuanzia mwaka 2008, na AMPATH wakawa miongoni mwa watumiaji wake wa mwanzo, washauri wao wakizunguka nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya. KoboToolbox iliota kutokana na kazi ya Phuong Pham na Patrick Vinck waliokuwa wakikusanya maoni ya watu waliopitia vita kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Hata jina lake ni la huku: kobo kwa Kiacholi ni kuhamisha, na Waacholi ni ndugu wa lugha na Wajopadhola wa Tororo, hatua chache ng'ambo ya Malaba. Na mwaka 2023, serikali ya Kenya ilipowagawia wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 vifaa vya kazi na simu, mfumo uliowekwa kwenye simu hizo, eCHIS, ulikuwa umejengwa juu ya zana huria iitwayo Community Health Toolkit.

Zana zinaijua ardhi hii. Kurasa zao za usakinishaji haziijui.

Mwongozo wa ODK umejengwa kwa Sphinx, na ule wa Community Health Toolkit umejengwa kwa Hugo. Kwa hiyo mtu wa Busia anayetaka kurekebisha kosa kubwa au kutafsiri sura nzima kwa Kiswahili, kisha aione kazi yake kama wasomaji watakavyoiona, sharti kwanza asakinishe Sphinx au Hugo. Mlango wa pili uko nyuma ya mlango wa kwanza, na ule wa kwanza ndio mgumu.

Tuseme kuna kijana wa Bumala aliyemaliza kozi ya pakeji za kompyuta, ambaye sasa huwasaidia wahudumu wa afya simu zao zinapogoma. Amechoka kurudia maelezo yaleyale kila Jumatatu. Anataka kuandika mwongozo mfupi wa Kiswahili, wenye picha, autie kwenye flashi na kuugawa vituoni. Ana laptopu ya mtumba yenye Windows. Anasoma kwamba Sphinx husakinishwa kwa amri moja, akiwa tayari na Python. Anafungua dirisha jeusi la amri na kuandika neno python. Kompyuta inamfungulia duka la Microsoft. Hakuna alichokosea: tangu mwaka 2019 Windows 10 imewekewa njia ya mkato inayompeleka dukani mtu ambaye hajasakinisha Python. Lakini ukurasa aliokuwa akiufuata hausemi neno kuhusu duka, naye hawezi kujua kama amefika au amepotea.

Anapakua Python kutoka tovuti yake rasmi. Kwa miaka mingi dirisha la kuisakinisha limekuwa na kisanduku kidogo chini kabisa kinachouliza kama Python iongezwe kwenye orodha ya njia ambazo kompyuta hupitia kutafuta programu. Kisanduku hicho huja bila alama. Asiyekitia alama atasakinisha kila kitu vizuri, kisha kila amri atakayoandika ijibiwe kwamba haitambuliki. Huenda hakuna alama ya vema iliyowapotezea wanaoanza jioni nyingi kuliko hiyo, na bado maelekezo mengi huruka hatua hiyo kwa sababu aliyeyaandika alikitia alama kisanduku chake miaka mingi iliyopita na hajakiona tena.

Akivuka hapo, anaita amri ya kuanzisha mradi. Sphinx inamuuliza maswali, na la kwanza kabisa ni kama angependa folda ya chanzo itengwe na folda ya matokeo, ndiyo au hapana. Hajui chanzo ni kipi wala matokeo ni yapi. Hajaandika chochote bado. Maswali ya jina la mradi na jina la mwandishi, ambayo angeyajibu akitabasamu, yanakuja baadaye. Mpangilio huu unamfaa mhandisi, kwa sababu folda ndizo hutengenezwa kwanza. Kwa mgeni ni kama kuulizwa vyumba vya nyumba vigawanywe vipi kabla hajaonyeshwa kiwanja.

Mwisho anaambiwa aandike make html. Katika dirisha la PowerShell, ambalo matoleo mapya ya Windows hulifungua kwa kawaida, amri hiyo haikubaliki ilivyo. Inahitaji nukta na mkwaju wa kurudi nyuma mbele yake, ili kompyuta ijue faili hilo limo ndani ya folda ileile. Alama mbili. Anayezijua hazioni tena, na asiyezijua hana njia ya kuzibuni.

Msomaji anaweza kudhani tatizo ni Windows. Lakini kijana huyu angekimbilia Linux, angekutana na mengine. Mwaka 2023 Ubuntu 23.04 na Debian 12 zilianza kuikataza amri ya pip kusakinisha vifurushi moja kwa moja kwenye mfumo, ili visigongane na vile ambavyo mfumo wenyewe unavitegemea. Uamuzi ulikuwa wa busara. Lakini kwa uamuzi huo maelekezo yasiyohesabika yaliyoandikwa kwa miaka kumi na zaidi yaligeuka kuwa si kweli, na hakuna aliyepita kuyafuta. Bado yako mtandaoni, hayana tarehe, na kwa mgeni yanafanana kabisa na yaliyo hai.

Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa kuliko zote, nayo haihusu ufundi. Maelekezo ya kusakinisha huandikwa mara moja na mtu mmoja kwenye mashine moja, kisha mashine za dunia zinabadilika huku ukurasa umesimama. Tarehe ya mwisho kujaribiwa, pamoja na jina la mfumo na toleo lililotumika, ni mstari mmoja tu juu ya ukurasa. Ungemwambia kijana wa Bumala kwamba hatua hizi zilifanya kazi kwenye Windows 11 mwezi fulani, naye angejua moja kwa moja kama anafuata njia au kaburi la njia. Kurasa chache sana zina mstari huo.

Kuna pia mambo madogo ambayo wataalamu huyadharau. Alama ya dola huwekwa mbele ya amri kuonyesha kwamba ni amri. Mgeni huinakili nayo, na kompyuta inakataa. Jina la kujazia huwekwa kati ya mabano yenye ncha. Mgeni huandika mabano pia. Mwalimu anayenakili amri kwenye programu ya kuandikia barua ili awachapishie wanafunzi hukuta alama za kunukuu zimejipinda zenyewe, na amri iliyokuwa sahihi asubuhi haifanyi kazi mchana. Karatasi ya maelekezo iliyochapishwa ndiyo njia ya kawaida ya kufundisha pale ambapo bando ni ghali na kompyuta moja inagawanywa na watu watatu.

Hugo ina mtego wake. Programu hiyo hutolewa katika sura zaidi ya moja, ikiwemo ya kawaida na ile inayoitwa extended. Docsy, vazi la tovuti lililotengenezwa na watu wa Google ambalo mwongozo wa Community Health Toolkit umelivaa, linahitaji sura hiyo ya extended, kwa sababu ndiyo ijuayo kugeuza mitindo yake ya rangi na maandishi. Aliyepakua ya kawaida hupata ujumbe kuhusu kugeuzwa kwa mafaili ambayo hajawahi kuyasikia. Mradi mzima unasimama juu ya neno moja kwenye ukurasa wa kupakulia. Neno kama hilo lilistahili kuandikwa kwa herufi nene, likiambatana na sentensi inayosema usipolizingatia utaona nini.

Wafanyabiashara wa Busia wanaujua uchungu wa sharti linalojitokeza mwishoni. Kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani, karatasi zilikaguliwa upande mmoja, kisha zikakaguliwa tena upande wa pili, na upungufu uliofichika kwenye dirisha la kwanza ungeweza kumkamata mtu kwenye la mwisho. Kituo kilichozinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018 kiliwaweka maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, msafiri asimame mara moja. Ukurasa wa usakinishaji ungeweza kupangwa hivyohivyo: mahitaji yote juu, mahali pamoja, kabla ya amri ya kwanza. Aina ya mashine. Toleo la kila programu. Nafasi kwenye diski. Na megabaiti zitakazopakuliwa.

Hilo la megabaiti halitajwi karibu popote, na ukimya huo unaonyesha wazi kuliko kitu kingine ukurasa uliandikwa ukifikiria nani. Docusaurus huja na vifurushi vidogovidogo vingi sana vya Node, na hata mradi wake usio na maandishi yoyote hujaza mamia ya megabaiti. Miradi mingine humshauri mgeni atumie Docker, zana inayoleta programu ikiwa imefungwa pamoja na mahitaji yake yote, ili kuepuka adha zote zilizotajwa juu, na kwa mwenye intaneti isiyo na kikomo ushauri huo ni mzuri, lakini picha za Docker nazo ni za mamia ya megabaiti, pengine hata gigabaiti. Mtu anayenunua bando la siku kwa M-Pesa anapaswa kujua mapema kama upakuaji utaisha kabla ya bando. Likikatika katikati, mara nyingi pesa imekwenda na hakuna kilichosakinishwa.

Tuseme kijana wetu ameshinda yote hayo. Ameandika kurasa zake kwa MkDocs, zana ambayo wengi huiona kuwa rahisi kuliko Sphinx, na kwa kweli ni rahisi. Amezinakili kwenye flashi, amepanda bodaboda hadi kituo cha afya, na amebofya ukurasa wa kwanza. Umefunguka. Anabofya kiungo cha sura ya pili, na badala ya sura anaona orodha ya mafaili. MkDocs ikiachwa ilivyo hutengeneza viungo vinavyoelekeza kwenye folda, si kwenye faili, kwa sababu seva ya mtandao hujua kulitafuta faili lililo ndani ya folda. Kwenye flashi hakuna seva. Dawa yake ni mstari mmoja katika faili la mipangilio, use_directory_urls ukiwekwa false. Kisanduku cha kutafutia nacho hakitafanya kazi bila nyongeza nyingine. Docusaurus ni ngumu zaidi, kwani kwa kawaida haitaki kabisa kufunguliwa bila seva. Sphinx, mkongwe mwenye maswali magumu mlangoni, ndiye hupita mtihani huu: viungo vyake hufunguka kwenye flashi bila kuguswa, tena anaweza kutoa kitabu cha ePub kisomekacho kwenye simu.

Hakuna ukurasa wa kwanza wa zana hizi unaosema hayo. Mtu huchagua zana kwa sura yake na kwa ufupi wa amri ya mwanzo, kisha hugundua kijijini kwamba alichagua vibaya kwa kazi yake. Kama kurasa hizo zingeandikwa na mtu aliyewahi kugawa mwongozo kwa flashi, sentensi ya kwanza ingekuwa swali: wasomaji wako wana intaneti?

Ukubwa wa shida hii unajulikana. Mwaka 2017 GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya programu, iliwahoji watu wapatao 5,500 kutoka miradi huria mbalimbali, na asilimia 93 wakasema maelezo pungufu au yaliyopitwa na wakati ni tatizo lililoenea. Katika uchunguzi huohuo, asilimia 60 ya wachangiaji walisema ni nadra wao kuchangia maelezo, au hawachangii kabisa. Karibu robo walisema Kiingereza chao cha kusoma na kuandika hakifiki kiwango cha vizuri sana. Na hao ni watu ambao tayari wamo ndani. Aliyeishia kwenye dirisha jeusi la Bumala hakuhojiwa, kwa sababu hakuwahi kuingia.

Sababu ya maelekezo kuwa hivyo si kiburi. John Carroll, aliyewachunguza wanaoanza kutumia kompyuta katika maabara za IBM miaka ya 1980, aliona kwamba watu hawasomi mwongozo kisha wakatenda. Hutenda kwanza, wakakosea, ndipo wakarudi kwenye ukurasa kutafuta msaada. Miongozo minene haikuwasaidia. Aliandika mifupi, yenye kazi halisi tangu mwanzo na yenye namna ya kujinasua kutoka kwenye makosa, na waliojifunza nayo wakajifunza upesi zaidi. Kitabu chake kuhusu hilo kilitoka mwaka 1990. Kinachokosekana zaidi katika kurasa za leo ni lile la tatu, kujinasua. Ukurasa huorodhesha hatua tano kana kwamba hakuna atakayeanguka, na anayeanguka kwenye hatua ya pili hakuandikiwa neno. Mbaya zaidi hupachikwa neno "tu": andika tu amri hii, fungua tu folda ile. Kwa aliyekwama, neno hilo linamwambia kwamba kasoro ni yake.

Ipo hoja ya kuheshimiwa upande wa pili. Zana hizi zimeandikwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea, wengi usiku baada ya kazi zao, nao hawana deni kwa yeyote. Ni kweli, na ndiyo maana lawama si lengo la safu hii. Pia yapo maendeleo. Daniele Procida, kwa mfumo wake uitwao Diátaxis, ameishawishi miradi mingi, Python na Ubuntu ikiwemo, itenganishe somo la mwanafunzi na maelekezo ya mtu aliye kazini. Utengano huo unamwondolea mgeni mzigo mkubwa. Lakini mpangilio mzuri wa kurasa hauwezi kumwambia mwandishi kwamba Windows imemfungulia msomaji duka. Hilo hujulikana kwa kukaa kando ya msomaji na kumtazama.

Na wa kutazamwa hawahitaji kuwa wengi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Wenzake wameibishia namba hiyo, ila hakuna anayebisha kwamba mtu wa kwanza hufichua mengi kuliko wote. Vyuo vya ufundi vya Kaunti ya Busia, na Chuo Kikuu cha Alupe kilichoko kwenye barabara ya kwenda Malaba, vina madarasa ya watu ambao miradi ya Seattle na Berlin haiwapati kwa urahisi: vijana werevu wanaoanza, kwenye mashine za kawaida, kwa intaneti ya kawaida. Mwanafunzi wa namna hiyo ndiye chombo cha kupimia mwongozo.

Linabaki suala la lugha, na hapa Kiswahili kina deni la kulipwa na wenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ng'ambo ya mpaka, baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi. Kwa mtoto wa Bumala anayekua na Kimarachi, na wa Malaba anayekua na Kiteso, Kiswahili si lugha ya mama, lakini ndicho wanachokutana nacho sokoni na kituoni. Programu za Community Health Toolkit zinaweza kumsemesha mhudumu kwa Kiswahili kwenye simu yake. Fundi anayeusimika mfumo huohuo husoma Kiingereza kitupu.

Visingizio vya kukosa maneno vimepitwa na wakati. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na faharasa yake ilibidi itengenezwe neno kwa neno. Leo simu za watu wengi zinasema sakinisha, pakua, sasisha, futa. Sakinisha lina mantiki nzuri: limetoka kwenye sakini, yaani kukaa mahali na kutulia, na programu iliyosakinishwa ni iliyopewa makao. Wanaopenda simika wana hoja yao pia. Ugomvi wa tarakilishi na kompyuta unaweza kuendelea shuleni bila kuchelewesha ukurasa wowote. Na Busia ina haki ya pekee ya kutoogopa maneno: bodaboda lilizaliwa hapa mpakani, vinywani mwa waendesha baiskeli waliovusha watu kati ya vituo viwili vya forodha na kuita kwa neno la Kiingereza la mpaka hadi likageuka kuwa la Kiswahili, na sasa linatumika kote Afrika Mashariki. Hakuna kamati iliyokaa kuliidhinisha.

Tafsiri peke yake haitatosha, hata hivyo. Ukurasa unaoficha sharti kwa Kiingereza utalificha kwa Kiswahili vilevile. Vitabu vya 1996 vingetafsiriwa neno kwa neno, bado vingekwenda kwa kasi ya mwanafunzi yuleyule adimu. Kinachotakiwa ni ukurasa ulioandikwa upya na mtu aliyeshuhudia wapi watu wa huku hukwama, unaotaja megabaiti, unaosema dirisha litaonyesha nini kila hatua ikifaulu na litaonyesha nini ikishindwa, na ulio na tarehe.

Mwalimu wa kompyuta wa Bumala, Nambale, Amagoro au Malaba anayesoma safu hii anaombwa jambo moja muhula huu. Amchukue mwanafunzi mmoja ambaye hajawahi kufungua dirisha la amri, ampe ukurasa wa usakinishaji wa Sphinx, Hugo au MkDocs, kisha akae kando yake na kalamu, bila kumsaidia. Aandike kila mahali mwanafunzi aliposimama, alichokiona kwenye kioo, na dakika zilizopita. Miradi yote mitatu hupokea taarifa za kasoro za mwongozo kwenye GitHub, bila malipo na bila kudai cheti. Karatasi hiyo itumwe huko, na nakala yake ibaki ukutani mwa darasa kwa ajili ya mwanafunzi atakayefuata.